Tiketi zinapoingiliana: Msafiri wa Dodoma na kanuni asizosomewa

*Kuhamia kwa Serikali Dodoma kumezaa maelfu ya safari zilizo ndani ya safari nyingine. Kanuni za ndege zilitungwa kumzuia mkwepa nauli, lakini zinaweza kumnasa pia msafiri mkweli. Makala haya yanaeleza nini kinaruhusiwa, nini hakiruhusiwi na nini kibadilishwe.*

Ofisa wa wizara moja pale Mtumba, Dodoma, ana tiketi mbili za ndege zenye jina lake. Ya kwanza aliikata mapema ili apate nauli nafuu: Dar es Salaam kwenda Dodoma Jumatatu ya wiki ya kwanza, kurudi Dar es Salaam Ijumaa ya wiki ya tatu. Ya pili aliikata usiku, baada ya kupigiwa simu kwamba mama yake amelazwa Hospitali ya Muhimbili: Dodoma kwenda Dar es Salaam Ijumaa ya wiki ya kwanza, kurudi Dodoma Jumapili.

Ukizipanga tarehe hizo kwenye kalenda, tiketi ya pili imeingia katikati ya ile ya kwanza. Hakuna saa ambayo ofisa huyu anatakiwa awe katika ndege mbili. Kila kiti alicholipia anaweza kukikalia, na ana nia ya kukikalia.

Sasa na aulize kama jambo hilo linaruhusiwa. Wakala mmoja anaweza kumwambia hakuna tatizo. Mwingine atamwonya kwamba kompyuta ya shirika inaweza kuifuta moja. Wa tatu atakataa kabisa kumkatia, asije akatozwa faini. Kila mmoja ana sababu yake, na ni nadra kumpata atakayemfungulia ukurasa wa masharti ulioandikwa kwa Kiswahili na kumwekea kidole kwenye jibu.

Mfano huu tumeutunga ili kulifafanua jambo, lakini maisha yaliyomo ndani yake ni ya Dodoma ya leo.

Ofisi zilihama, nyumba zikabaki

Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa na chama cha TANU mwaka 1973. Kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi ziliendelea kubaki Dar es Salaam. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itahama bila kusubiri zaidi, na Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia. Aprili 26, 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza rasmi kuwa makao makuu ya nchi.

Mafaili na samani vilihama kwa malori. Familia hazikuhama kwa kasi hiyo. Mke ana kazi Dar es Salaam, mtoto amebakiza miaka miwili ya shule, nyumba ya mkopo iko Kibamba au Mbezi, wazazi wazee wako Temeke. Mtumishi akajikuta na makazi mawili, na katikati yake barabara ya kilomita zipatazo 450.

Juu ya watumishi kuna Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na katika wiki hizo mji hupokea wabunge, wataalamu wa wizara, viongozi wa taasisi, wanaharakati na waandishi. Ratiba ya kamati ikisogezwa siku moja, safari nyingi nazo husogezwa.

Kuna pia Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, chenye wahadhiri wanaokwenda semina na mikutano ya nje. Kuna wagonjwa na madaktari wa Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kuna wafanyabiashara wa alizeti na vitunguu kutoka Singida na Manyoni, na watu wa Kondoa na Mpwapwa, ambao kwao uwanja wa Dodoma ndio mlango wa karibu wa kuingilia angani.

Wote hawa wana sifa moja: safari yao haianzi ikaisha kwa mstari mmoja. Huanza, hukatizwa na safari nyingine, kisha huendelea. Ndiyo maana suala la tiketi za kwenda na kurudi zinazoingiliana, ambalo katika miji mingine ni la wachache, Dodoma ni suala la kila wiki.

> “Mafaili na samani vilihama kwa malori. Familia hazikuhama kwa kasi hiyo.”

Mambo matatu yanayochanganywa

Ugumu wa kwanza ni kwamba watu wanaita kwa jina moja mambo matatu yaliyo tofauti.

La kwanza ni *safari ndani ya safari*. Ni kisa cha ofisa wetu. Tarehe za tiketi moja zimezungukwa na tarehe za nyingine, lakini ndege zenyewe hazigongani. Mtu mmoja mwenye mwili mmoja anaweza kuzipanda zote kwa mpangilio. Kwa asili yake, hili si kosa.

La pili ni *nafasi pacha*. Msafiri hajui kikao kitaisha saa ngapi, kwa hiyo anashika nafasi katika ndege ya saa nne asubuhi na nyingine katika ndege ya saa kumi jioni, siku ileile, njia ileile, jina lilelile. Moja lazima itabaki tupu. Hili mashirika mengi hulikataa, na hujipa haki ya kufuta nafasi moja au zote.

La tatu ni *tiketi za kukwepa sharti la nauli*. Msafiri hununua tiketi mbili za bei nafuu za kwenda na kurudi na kuzipishanisha, ili aepuke sharti linaloambatana na unafuu huo. Kila tiketi ukiitazama peke yake imefuata sharti. Ukizitazama pamoja, sharti limekwepwa. Mashirika kadhaa makubwa yanapiga marufuku jambo hili waziwazi katika mikataba yao ya usafirishaji. American Airlines, kwa mfano, imeliorodhesha miongoni mwa mambo yanayoweza kufanya tiketi ibatilishwe.

Tatizo liko hapa: la kwanza na la tatu yana umbo moja. Kwenye kioo cha kompyuta, mtoto anayekimbilia kitanda cha mama yake hospitalini na mfanyabiashara anayekwepa nauli ya juu wanaweza kuonekana sawasawa. Kinachowatenganisha ni sharti la nauli waliyonunua na nia waliyokuwa nayo, na vyote viwili havionekani katika tarehe.

Sharti la usiku wa Jumamosi

Ili kuelewa kwa nini marufuku ya jambo hilo la tatu ilizaliwa, turudi Marekani mwaka 1978, Serikali ya huko ilipoacha kupanga nauli za ndege na kuyaachia mashirika yashindane. Mashirika yaligundua kwamba yana wateja wa aina mbili. Kuna mtalii na mtu anayetembelea ndugu, ambaye nauli ikipanda anaahirisha. Kuna mtu wa kazi, ambaye lazima aende, na mara nyingi anayelipa ni mwajiri wake.

Yalihitaji njia ya kumuuzia kila mmoja kwa bei yake, katika ndege ileile. Njia mojawapo iliyotumika kwa miaka mingi ilikuwa sharti la kulala usiku wa Jumamosi: ukitaka nauli nafuu, usirudi kabla ya Jumapili. Mtalii hakuumia, kwa kuwa wikiendi ndiyo aliyoifuata. Mtu wa kazi alitaka kulala kwake Ijumaa, hivyo akalipa nauli kubwa.

Watu wa kazi wakapiga hesabu. Tuseme nauli ya Jumatatu hadi Ijumaa ni dola 800, na ile yenye sharti la Jumamosi ni dola 300. Anayesafiri wiki mbili mfululizo angelipa dola 1,600. Lakini akinunua tiketi mbili za dola 300, ya kwanza ikianzia nyumbani na kurudi wiki inayofuata, ya pili ikianzia kazini Ijumaa na kurudi kazini Jumatatu, atakuwa amesafiri siku zilezile kwa dola 600. Hapo ndipo marufuku ilipozaliwa.

Zama za tiketi za karatasi ilikuwa vigumu kulinasa jambo hili. Tiketi ilikuwa kijitabu cha kuponi, moja kwa kila kipande cha safari, na mtu wa kaunta aliona kile kilichokuwa mkononi mwake tu. Juni 1, 2008 mashirika yaliyo chini ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yaliacha rasmi karatasi na kuhamia tiketi za kielektroniki. Tangu hapo kila kuponi ina hali yake ndani ya kompyuta, na mifumo mikubwa ya uhifadhi kama Amadeus, Sabre na Travelport inaweza kulinganisha majina, tarehe na njia kwa sekunde chache.

Sasa tutazame safari zetu za ndani. Kwa kawaida nauli kati ya Dodoma na Dar es Salaam huuzwa kwa kila upande. Ya kwenda ina bei yake na ya kurudi ina bei yake, kulingana na daraja la nauli lililobaki. Pasipo sharti la kulala Jumamosi, hakuna cha kukwepa. Ofisa wetu hakumnyima mtu senti moja kwa kupishanisha tarehe; kinyume chake, amenunua viti vinne na atavikalia vinne.

> “Pasipo sharti la kulala Jumamosi, hakuna cha kukwepa.”

Hoja ya mashirika ina uzito

Isionekane kwamba mashirika ya ndege hayana la kujitetea. Kiti cha ndege hakiwekwi ghalani. Ndege ikishaacha ardhi, kiti kilichobaki tupu hakiuziki tena, lakini mafuta, rubani, ada ya kutua na marejesho ya mkopo wa ndege vimelipwa vilevile.

Kwa ndege ndogo maumivu ni makubwa zaidi. Dash 8 Q400 za Air Tanzania, aina iliyoanza kulifufua shirika hilo mwaka 2016, zina viti 76. Nafasi pacha nne tu zikibaki tupu, shirika limepoteza zaidi ya asilimia tano ya viti vya safari hiyo. Wakati huohuo kunaweza kuwa na mgonjwa wa Singida aliyeambiwa ndege imejaa. Anayeshika viti viwili kwa kujihami hamuumizi mwenye ndege peke yake. Anamnyima nafasi jirani yake.

Mashirika pia hulipa gharama kwa mifumo ya uhifadhi inapotumika kushikia nafasi. Ndiyo maana hupeleka hati za madai kwa mawakala wanaobainika kushika nafasi pacha, na deni hilo hukatwa kwenye hesabu ya wakala. Hapa tunapata sababu ya yule wakala wa tatu aliyekataa. Mtu ambaye faida yake kwa tiketi moja ni ndogo hawezi kubeba hatari ya kudaiwa kwa ajili ya mteja, hata kama mteja hana kosa.

Kwa hiyo kanuni ya kufuta nafasi zinazogongana ni ya haki, na msafiri mwadilifu anapaswa kuiunga mkono. Lalamiko letu si juu ya kuwapo kwake. Ni juu ya namna inavyotekelezwa: mashine inafuta, na mwenye tiketi anaweza kuja kujua akiwa kaunta, mzigo ukiwa umeshawekwa kwenye mizani.

Kuna hatari nyingine inayotuhusu sana. Majina yetu yanafanana. Katika ndege moja wanaweza kuwamo watu wawili wanaoitwa Mohamed Ali au John Joseph, kila mmoja na maisha yake. Mfumo unaolinganisha majina bila kutazama namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa au kitambulisho unaweza kuwaona ni mtu mmoja aliyejirudia.

Kuponi kwa mpangilio, na treni ya umeme

Kanuni ya pili, ambayo pengine inaumiza wengi zaidi, ni ile ya kutumia kuponi kwa mpangilio. Kigezo cha IATA cha masharti ya jumla ya usafirishaji, ambacho mashirika mengi duniani yamekifuata katika kuandika mikataba yao, kinataka tiketi itumike kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Ukiacha kipande cha kwenda, vipande vilivyobaki vinaweza kufutwa, cha kurudi kikiwamo.

Zamani, kwa msafiri wa Dodoma, jambo hili lilikuwa nadra. Aliyekosa ndege alipanda basi kwa saa nane hivi, na wengi hawakutamani. Julai 25, 2024 mambo yalibadilika: treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Agosti 1 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Safari ya saa nane ikawa ya saa nne au pungufu.

Watu wakaanza kuchanganya. Kwenda kwa treni, kurudi kwa ndege. Au ndege ya asubuhi imeahirishwa, kikao ni saa nane mchana, msafiri anakimbilia stesheni na kuwahi. Amefika, amefanya kazi yake. Ijumaa anakwenda kupanda ndege ya kurudi aliyoilipia, anaambiwa tiketi imefutwa kwa sababu hakuonekana kwenye safari ya kwenda.

Treni haimuulizi abiria alikuja na nini. Ndege inamuuliza, na akijibu vibaya anapoteza kiti kilicholipiwa. Kwa safari ambayo kila upande umeuzwa kwa bei yake, adhabu hiyo haina maelezo. Kiti cha kurudi kimelipiwa kamili, mwenyewe yupo kaunta na kitambulisho anacho. Shirika lingepoteza nini kwa kumpandisha?

> “Kiti cha kurudi kimelipiwa kamili, mwenyewe yupo kaunta na kitambulisho anacho. Shirika lingepoteza nini kwa kumpandisha?”

Tiketi ya nje, tiketi ya ndani

Sura nyingine ya kuingiliana inawahusu wanaotoka Dodoma kwenda ng’ambo. Mfanyabiashara wa Singida anakata tiketi ya Dodoma na Dar es Salaam, kwenda na kurudi, kwa shirika moja. Kisha anakata tiketi ya Dar es Salaam na Dubai, kwenda na kurudi, kwa shirika lingine lililompa nauli nzuri. Tiketi ya Dubai imekaa ndani ya tiketi ya Dodoma.

Hakuna sharti alilovunja. Lakini ana mikataba miwili isiyojuana. Ndege ya Dodoma ikichelewa akaikosa ya Dubai, shirika la pili litamhesabu kuwa hakutokea. Kwa kanuni ya mpangilio, kurudi kwake nako kunaweza kufutwa. Akirudi nyuma kulidai shirika la kwanza, litamwambia jukumu lake lilikuwa kumfikisha Dar es Salaam tu.

Angekuwa na tiketi moja inayoanzia Dodoma hadi Dubai, hali ingekuwa nyingine. Mkataba ni mmoja, mzigo unaweza kuandikiwa hadi mwisho wa safari, na kipande kimoja kikichelewa, aliyeuza safari nzima ana wajibu wa kumtafutia njia nyingine. Tiketi hiyo inaweza kuwa ghali kidogo. Tofauti hiyo ya bei ndiyo kinga yake.

Umuhimu wa jambo hili utakua. Uwanja mpya wa kimataifa wa Msalato, nje kidogo ya jiji, uliwekewa jiwe la msingi Oktoba 30, 2022, na njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.6. Uwanja wa namna hiyo unajengwa kwa ajili ya ndege kubwa na safari za mbali. Kadiri nyanda za kati zinavyounganishwa na dunia, ndivyo watu wake watakavyobeba tiketi zilizopangwa moja ndani ya nyingine.

Mahakama za wenzetu zilivyoamua

Mvutano huu umefika mahakamani katika nchi kadhaa, na hukumu hazielekei upande mmoja.

Ujerumani, Aprili 29, 2010, Mahakama Kuu ya Shirikisho ilitoa uamuzi juu ya masharti ya British Airways na Lufthansa kuhusu mpangilio wa kuponi. Ilisema sharti linalofuta tiketi nzima kwa kila anayeacha kipande, bila kujali sababu, linambana mteja kupita kiasi. Hata hivyo ilikubali kwamba shirika lina haki ya kulinda mpangilio wake wa nauli, na linaweza kudai tofauti ya bei kwa safari iliyofanyika kweli.

Hukohuko Ujerumani, Lufthansa ilimshitaki abiria aliyekata tiketi ya Oslo hadi Seattle kupitia Frankfurt, kisha wakati wa kurudi akashukia Frankfurt na kuacha kipande cha mwisho. Shirika lilidai euro 2,112. Desemba 2018 mahakama ya Berlin iliikataa kesi hiyo, kwa sababu hesabu ya deni haikuwekwa wazi kwa mteja.

Italia ilitafuta njia ya katikati. Baada ya mamlaka ya ushindani ya huko kuingilia kati, mashirika kadhaa yaliweka utaratibu kwamba aliyekosa ndege ya kwenda akitoa taarifa ndani ya saa 24, anabaki na haki ya kutumia tiketi yake ya kurudi.

Marekani upepo ulivuma upande wa mashirika. Oktoba 2024 baraza la wazee wa mahakama huko Texas liliipa American Airlines dola milioni 9.4 dhidi ya Skiplagged, kampuni inayowaonyesha wasafiri tiketi za bei nafuu za kushukia njiani, katika kesi iliyohusu mapato ya kampuni hiyo na hakimiliki ya nembo ya shirika. Lakini nchi hiyohiyo ina kanuni ya Serikali inayompa mteja saa 24 za kughairi tiketi bila adhabu, mradi ameikata siku saba au zaidi kabla ya safari.

Somo linaloonekana katika maamuzi haya ya Ulaya ni moja: shirika lina haki ya kulinda nauli yake, lakini adhabu ilingane na hasara, na sharti lijulikane kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Msingi wa kisheria tunao

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo msimamizi wa sekta, na pembeni yake lipo baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, lililoundwa ili abiria awe na mahali pa kupeleka sauti yake.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani ina jukumu la kumlinda mlaji, hata dhidi ya mikataba iliyoandikwa na upande mmoja na kumwachia mwingine kazi ya kusaini tu. Tiketi ya ndege ni mkataba wa namna hiyo hasa. Abiria hakai mezani kujadili kifungu. Anabonyeza alama ya kukubali na kulipa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, nayo ina kanuni ya siku nyingi: hata kama mkataba umetaja kiasi cha adhabu, aliyevunjiwa mkataba hupata fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kanuni hiyo inaelekea kulekule walikoelekea majaji wa Ujerumani. Anayepoteza tiketi nzima ya kurudi kwa kuacha kipande ambacho shirika tayari limelipwa, ana hoja ya kuuliza hasara iliyofidiwa ni ipi.

Tusisahau fedha za umma. Tiketi nyingi za Dodoma hulipwa na ofisi za Serikali. Kikao kinaahirishwa, mtumishi anakatiwa tiketi mpya bila ile ya zamani kughairiwa, na zote mbili zinabaki kwenye mfumo. Moja ikifutwa au ikipotea, aliyepoteza ni mlipakodi. Mhasibu anayedai pasi ya kupandia ndege ili afunge masurufu anaiona safari iliyofanyika. Ile iliyopotea haimfikii.

Kabla hujalipa

Wakati tukisubiri mabadiliko, msafiri anaweza kujikinga kwa mambo machache:

• Taja tiketi yako nyingine. Mwambie wakala au shirika kwamba una tiketi inayozunguka tarehe hizi, mpe namba ya uhifadhi, na omba maelezo hayo yaandikwe ndani ya mfumo. Ikiwezekana tumia shirika moja na wakala mmoja.

• Usishike ndege mbili za siku moja. Kama hujui kikao kitaisha lini, nunua nauli inayoruhusu kubadili muda. Ni ghali zaidi, lakini ni halali na haimnyimi mwingine kiti.

• Ukichanganya treni na ndege, kata tiketi ya upande mmoja. Kwa safari za ndani linganisha bei kwanza. Mara nyingi hutapoteza kitu.

• Ukijua utaikosa ndege ya kwenda, toa taarifa kabla haijaondoka. Omba kipande cha kurudi kibaki, na omba jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

• Kwa safari ya nje, tafuta tiketi moja kutoka Dodoma. Ukilazimika kuwa na mbili, lala Dar es Salaam usiku mmoja kabla ya safari.

• Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba yako ya simu. Usikubali wakala aweke namba yake peke yake, kwa sababu taarifa ya kufutwa itakwenda kwake.

• Tiketi ikipotea, uliza kodi na tozo za uwanja. Nauli inaweza isirudishwe, lakini tozo ya huduma ambayo hukuitumia ina sababu ya kudaiwa.

Kinachotakiwa kufanyika

Tahadhari ya abiria haiwezi kuchukua nafasi ya wajibu wa wenye mamlaka. Mambo manne yanawezekana, na hakuna hata moja linalohitaji mtaji mkubwa.

Kwanza, kila shirika linalouza safari za ndani liandike kwa Kiswahili, kabla ya hatua ya malipo, nini kitatokea ukiacha kipande cha kwanza na nini kitatokea tiketi zikigongana. Sentensi nne zinatosha. Mtu mwenye kadi ya NIDA na shilingi zake hapaswi kutafuta mkalimani ili ajue alichonunua.

Pili, mfumo usifute tiketi iliyolipiwa bila kumtumia mwenyewe ujumbe na kumpa muda wa kujibu. Simu ya mteja ipo kwenye mfumo huohuo unaofuta. Nafasi iliyoshikwa bila malipo ifutwe upesi; iliyolipiwa iulizwe kwanza.

Tatu, kwa nauli za ndani zinazouzwa kwa kila upande, kanuni ya mpangilio wa kuponi iondolewe, au ifuate mfano wa Italia wa saa 24. Katika enzi ya reli ya kisasa, kumwadhibu mtu aliyefika Dodoma kwa treni ni kumfukuza mteja ambaye bado alitaka kurudi na wewe.

Nne, TCAA na baraza la watumiaji wachapishe mwongozo mmoja unaotofautisha safari ndani ya safari, nafasi pacha na ukwepaji wa sharti la nauli. Wakala akiwa nao ukutani, hatakuwa na sababu ya kukataa tiketi halali kwa woga, wala abiria hatakuwa na kisingizio cha kushika viti viwili.

Nchi iliamua makao yake makuu yawe katikati, ili kila Mtanzania ayafikie kwa umbali wa haki. Uamuzi huo unadai kanuni za usafiri zinazomtambua mtu anayeishi kati ya miji miwili, zinazomtoza kwa kosa alilolitenda na kumwachia kiti alicholipia. Mashirika yanaweza kuanza leo kwa kuandika masharti yao kwa lugha ya wateja wao. TCAA inaweza kuweka tarehe ya mwisho ya kulitimiza hilo, na mkutano ujao wa Bunge hapa Dodoma ni mahali panapofaa kuiuliza tarehe hiyo ni lini.